Pampu ya injini ikigoma nyanda za juu kusini: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu

Mkulima mmoja wa vitunguu alihama na pampu yake ya inchi 3 kutoka Ruaha Mbuyuni, akaipandisha mlima Kitonga hadi bonde moja nje ya Mafinga alikokodi shamba la viazi. Kule chini pampu ilikuwa inamwaga maji bila kuchoka. Huku juu ikawa inatapika dakika mbili, inakata, inatapika tena. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alifungua injini, akaweka pistoni na ringi mpya, akalipwa. Pampu ikarudi shambani na injini mpya na ugonjwa uleule. Nilipoitwa nilichukua kamba nikaifunga jiwe, nikapima kutoka pampu hadi usoni mwa maji: mita 6 na nusu. Tukachimba ngazi kwenye ukingo, tukaishusha pampu mita 2, ikapiga maji hadi jioni. Ile injini haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Pampu nyingi ninazoletewa hapa Mbeya huja na maelezo hayohayo: "Fundi, injini imekufa." Nikiuliza mpira wa kunyonya uko wapi, nao ameuacha shambani. Naomba tuanzie huko alikouacha.

Mwongozo huu ni wa pampu zinazoendeshwa na injini, kuanzia zile za petroli za inchi 2 na 3 zinazobebwa na watu wawili kwenda kwenye vinyungu (bustani za mabondeni), hadi zile za dizeli zilizofungwa kwenye fremu za mashamba makubwa, machimbo na viwanda vya mbao. Kanuni zake ni moja. Kinachotofautiana ni ukubwa wa spana.

Masikio kabla ya spana

Maji yaliyomo tumboni mwa pampu ni mzigo. Pampu ikiyapoteza, injini inapata nafuu, sauti inapanda ghafla na kuwa nyepesi. Maji yakirudi, sauti inashuka na kuwa nzito. Gavana, kifaa kinachotunza mizunguko ya injini, hujitahidi kuisawazisha, lakini ukitulia utasikia. Injini yenye shida ya mafuta au cheche hufanya kinyume: inalegea yenyewe kwanza, inakohoa, ndipo maji yanapungua mdomoni mwa mpira.

Kwa hiyo mweke mtu kwenye mpira wa kutolea, wewe simama karibu na injini, na apige kelele maji yanapokatika. Yakikatika na sauti ikapanda, ubovu uko upande wa maji, usiguse kabureta. Sauti ikishuka kwanza na maji yakafuata, nenda kwenye injini. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kingemwokolea yule mkulima wa Mafinga bei ya pistoni.

Kwenye pampu kubwa usitegemee sikio peke yake. Funga geji mbili, ya vakyumu (nguvu ya kufyonza) upande wa kunyonya na ya presha upande wa kutolea, na siku pampu ikiwa nzima andika zinasoma ngapi, tena andika kwa rangi kwenye fremu maana daftari hupotea. Siku ya ubovu utalinganisha. Vakyumu ikiwa juu kuliko kawaida na presha ikawa chini, kuna kinachozuia maji kuingia: chujio limeziba, mpira umenywea, au maji yameshuka mtoni. Zote mbili zikiwa chini, ama hewa inaingia, ama impela, lile gurudumu la mapezi linalosukuma maji, imelika, ama injini haizunguki inavyotakiwa. Vakyumu chini na presha juu, maji yamezibwa mbele. Angalia valvu na bomba la kutolea. Bar 1 ni kama mita 10 za maji kwenda juu, hivyo geji ikisoma bar 2.5 unajua pampu inaweza kimo cha mita 25 kabla hujapanda mlima kuchungulia tanki.

Hewa ya huku ni nyepesi

Pampu haivuti maji jinsi mtu anavyovuta ndoo kisimani. Inaondoa hewa ndani ya mpira tu. Uzito wa hewa ya nje, ule unaokandamiza uso wa mto, ndio unaoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari uzito huo unaweza kubeba maji hadi mita 10.3, na hauongezeki hata ukifunga injini ya treni. Ukipanda mlima hewa inapungua na uwezo huo unapungua nao. Kwenye mita 1,000 unabaki 9.2. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, ni 8.4. Ukikaribia mita 1,900, kama Mafinga na Njombe, ni 8.2.

Na hizo ni namba za vakyumu kamili, ambayo pampu ya kawaida haiifikii. Kibao cha pampu kinaposema inanyonya mita 8, kinazungumzia usawa wa bahari, maji baridi na mpira mfupi usio na kona. Toa mita 2 za mwinuko wetu, toa mita 1 ya msuguano wa mpira na chujio, unabaki na 5. Mimi simwahidi mteja zaidi ya mita 5, na akiwa na 4 nalala vizuri zaidi.

Halafu kuna mwezi wa tisa. Pampu iliyotegwa Mei, mto ukiwa bado umeshiba, inakuwa mita 4 juu ya maji. Ikifika Septemba au Oktoba maji yameshuka mita nzima na zaidi, pampu haijahamishwa, na mwenye nayo anaona imechakaa kwa msimu mmoja. Wanaochota kwenye mito inayolisha Ruaha Mkuu hawahitaji kuelezwa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kabisa kiangazi kwenye eneo la Hifadhi ya Ruaha. (Kwa kuwa tumefika mtoni: kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde lako. Ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu.) Kwa hiyo kila unapohisi pampu imezeeka, pima kwanza kimo upya.

Mtu akishaelewa hesabu hii, wazo linalomjia ni kuishusha pampu ndani ya kisima ili iyasogelee maji. Hapo nasimama. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kwenda. Anayeshuka kuizima pampu huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Usishushe injini kisimani, hata kwa dakika tano, hata kisima kikiwa kipana. Kwenye ukingo wa mto chimba ngazi iliyo wazi upande wa maji, hewa ipite. Kwa kisima kirefu nunua pampu ya umeme ya kuzamisha, uiendeshe kwa jenereta au sola iliyobaki juu.

Injini nayo inapumua hewa hiyohiyo. Kila mita 300 za mwinuko huipunguzia injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) karibu asilimia 3.5 ya nguvu, hivyo kwenye mita 1,800 moja ya tano ya nguvu uliyolipia dukani haipo. Ukinunua pampu kwa ajili ya huku, chagua yenye injini inayozidi mahitaji kidogo, na usishangae ikichoka kwenye kilima ambacho ya shemeji yako Morogoro inakimudu.

Haivuti kabisa, au inavuta na kukata

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Nimeziweka kuanzia isiyo na gharama.

Hatua ya 1. Zima injini, fungua kizibo cha juu, jaza maji tumboni mwa pampu hadi yafurike. Pampu zinazojivutia zenyewe zinahitaji maji hayo ya kuanzia. Bila maji zinazungusha hewa tu. Ukishajaza, washa uipe muda. Mpira wa mita 5 au 6 unaweza kuchukua dakika mbili au tatu kutoa hewa yote. Zikipita tano bila dalili, zima. Sili, kizuizi cha maji kwenye shafti, inaungua.

Hatua ya 2. Kamba na jiwe. Tumeshaeleza.

Hatua ya 3. Toa chujio majini uliangalie. Majani, magome, plastiki, na kwenye mito ya tope, matope yaliyoganda kama ugali. Chujio lisilale chini. Liweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye matobo, au lifunge kwenye dumu tupu la lita 20 lielee, likining'inia sentimita 50 hivi chini ya uso wa maji. Likikaa juu sana, maji hufanya kizunguzungu na kuvuta hewa. Utaona kishimo kinachozunguka juu ya chujio kama maji yanavyotoka kwenye sinki.

Hatua ya 4. Angalia mpira unavyopanda. Kutoka majini hadi mdomoni mwa pampu uwe unapanda tu. Ukipita juu ya gogo au kichuguu kisha ukashuka kuingia kwenye pampu, ile nundu inatunza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokata maji kila baada ya dakika chache. Mpira usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu. Nimekuta pampu ya inchi 3 imevishwa mpira wa inchi 2 "kwa sababu ndio uliokuwepo".

Hatua ya 5. Tafuta panapoingia hewa, na hapa ndipo penye kazi kwa sababu mpira wa kunyonya ukitoboka hauvuji maji. Unavuta hewa kimyakimya. Kama chini kuna futivalvu, yaani chujio lenye valvu inayozuia maji kurudi, jaza mpira maji ukiwa umesimama na uache dakika kumi. Kiwango kikishuka, ama futivalvu haikai vizuri, ama kuna tundu, na tundu litajionyesha kwa unyevu. Kama hakuna futivalvu, washa pampu na upake grisi nzito au udongo laini wa mfinyanzi kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo utakachopaka na sauti ikabadilika, hicho ndicho. Mara nyingi ni gasketi ya mdomo wa pampu iliyokakamaa, au klipu moja iliyolegea. Funga klipu mbili, vichwa vyake vikitazamana pande tofauti. Kwenye nyuzi za chuma tumia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko ya kutosha. Kipande cha mfuko wa rambo hakifai ingawa kila mtu anacho.

Hatua ya 6. Bonyeza mpira kwa mkono wakati injini inafanya kazi. Mipira ya bei rahisi hupasuka ngozi ya ndani huku nje ikionekana mpya. Ngozi hiyo hunywea pampu inapovuta na kuziba njia, ukizima inarudi mahali pake. Ubovu huu umewasumbua mafundi wengi kwa sababu ukiukagua mpira ukiwa umelala hauoni kitu. Mpira wa kunyonya uwe mgumu, wenye waya au msokoto wa plastiki ngumu ndani. Ule laini wa bluu unaojikunja kama mkanda ni wa kutolea tu.

Hatua ya 7. Sasa fungua kava. Kwenye mdomo wa kunyonya wa pampu nyingi ndogo kuna kipande cha mpira chenye chuma, kinachofunguka na kujifunga kama mlango. Kikiwa kimepinda au kimebana kijiti, pampu itapoteza maji kila ukizima. Angalia impela: kijiwe kimoja kwenye njia ya maji kinatosha.

Ukisikia ndani ya pampu sauti kama ya kusaga changarawe, na hakuna changarawe, pampu ina njaa. Maji yanachemka yakiwa baridi, mapovu yake yanapasuka kwenye mapezi ya impela na kuyatafuna kama panya. Punguza mizunguko mara moja, kisha rudi hatua ya 2.

Hapa chini yanamwagika, juu hayafiki

Kimo pampu inachoweza kusukuma kinategemea mizunguko kwa ukali sana. Ikishuka kutoka 3,600 kwa dakika hadi 3,000, maji yanapungua kwa moja ya sita, lakini kimo kinapungua karibu theluthi: pampu ya mita 30 inabaki na 21. Ndiyo sababu mtu anayepunguza mafuta "ili injini isichoke" anaona maji yameishia katikati ya mlima. Kama una kipimo cha mizunguko, kitumie. Kama huna, hakikisha waya wa mkono wa mafuta unafika mwisho. Usikaze springi ya gavana ili izidi pale ilipopangwa kiwandani. Utapata maji kwa wiki moja na kuvunja koneki rodi kwa wiki ya pili.

Jambo la pili ni bomba. Ukipunguza kipenyo cha bomba nusu huku maji ni yaleyale, msuguano unaongezeka takribani mara 30. Watu hununua pampu ya inchi 3 kisha wanalaza bomba la inchi 1 na nusu mita 300, na kulaumu pampu. Kwa umbali mrefu laza bomba la ukubwa wa mdomo wa pampu, upunguze ukishafika juu.

Kama zamani yalifika na bomba halijabadilika, impela imelika. Maji yenye mchanga hufanya kazi ya msasa. Fungua, tazama mapezi: kingo zikiwa kali kama kisu, na pengo kati ya impela na nyumba yake limepanuka, maji yanazunguka ndani kwa ndani badala ya kutoka. Pampu nyingine zina shimu, vibati vyembamba vya kusogeza impela. Zisizo nazo zinataka impela mpya, na ikibidi kava la ndani pia. Dukani omba ya chuma cha kutupwa, hata kama ya alumini ni nusu ya bei.

Kwenye milima yetu weka valvu ya kuzuia maji kurudi, karibu na pampu. Bila hiyo, ukizima ghafla maji yote ya bomba la mlimani yanarudi kwa kishindo, yanazungusha pampu kinyume na kupasua kava. Shusha mizunguko polepole kabla ya kuzima.

Maji yanadondoka kati ya pampu na injini

Hapo sili imekufa. Kati ya pampu na injini kuna uwazi au tundu dogo la kuonyesha hili. Usilizibe kwa gundi, maana maji yakikosa pa kutokea yataingia kwenye beringi na oili. Sili ni nyuso mbili, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinazosuguana zikilainishwa na maji. Pampu ikizunguka kavu dakika chache nyuso hizo zinaungua.

Kuibadilisha: fungua kava. Impela ya pampu ndogo kwa kawaida imefungwa kwa nyuzi kwenye shafti ya injini yenyewe. Toa waya wa plagi, vuta kamba polepole mpaka uhisi mgandamizo umeshika, kisha gonga pezi la impela kwa kipande cha mti kuelekea kushoto. Itafunguka. Toa sili ya zamani pande zote mbili, safisha kitako. Sukuma ile ya kauri kwa maji ya sabuni, si kwa grisi wala oili, ukitumia kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo kinacholingana. Usiguse nyuso kwa kidole. Alama ya jasho inatosha kuanzisha uvujaji. Shimu zilizokuwa nyuma ya impela zirudi zote.

Pampu kubwa zenye kamba ya pakingi badala ya sili ni habari nyingine. Zile zinatakiwa zidondoshe, tone 30 hadi 60 kwa dakika. Kijana mwenye bidii akikaza mpaka pakauke, ndani ya siku moja pakingi inaungua na shafti inachimbika mfereji.

Injini ya petroli haiwaki

"Shikamoo mama. Imezimikia wapi?"

"Marahaba. Palepale mtoni. Jana ilikuwa nzima."

"Ilisimama sawa au iliinama?"

Iliinama. Injini nyingi za pampu zina sensa inayokata cheche oili ikiwa chini, na kwenye ukingo wenye mteremko oili inakimbilia upande mmoja, sensa inadhani imekwisha. Kwa hiyo kwanza weka pampu mahali tambarare, kisha pima oili. Ukikuta kweli ni kidogo, ongeza, na usikate waya wa sensa. Najua wengi wameukata. Injini zao ndizo zinazouzwa kama vyuma chakavu.

Ikiwa bado, koki ya mafuta iko wazi? Tumia pua kabla ya bisibisi: petroli iliyokaa miezi ndani ya tanki ina harufu ya rangi ya zamani. Imwage, fungua skrubu chini ya kibakuli cha kabureta, acha mafuta mapya yapite. Yasipopita, koki au chujio lake limeziba. Yakipita na haiwaki, toa plagi. Ikiwa kavu, jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, imeziba. Ikiwa imelowa, injini imezama mafuta. Funga koki, vuta kamba mara kadhaa bila plagi, ikaushe. Kuangalia cheche, gusisha plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na mafuta. Pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Plagi nyeusi yenye masizi, moshi mweusi, mafuta kwisha haraka: petroli ni nyingi kuliko hewa. Anza na eya klina, maana vumbi la barabara za mashambani linaijaza kwa wiki. Kisha choki, kama inafunguka yote. Zote zikiwa sawa na uko juu sana, ni ule mwinuko tuliouzungumzia. Watengenezaji wengi wana jeti ndogo ya sehemu za juu. Injini inayopanda na kushuka bila sababu, na maji yanatoka vizuri, kwa kawaida ina jeti iliyozibwa nusu. Isafishe kwa upepo wa kompresa au uzi laini wa shaba. Sindano ya kushonea inaipanua tundu, na hutaipata tena saizi yake.

Oili ya injini mpya imwage baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Safisha mapezi ya kupoozea pia. Nyigu wanapenda kujenga hapo, na injini ya hewa ikizibwa mapezi inajipika.

Dizeli

Dizeli ikiishiwa mafuta mara moja tu, upepo unaingia kwenye njia. Jaza tanki, legeza skrubu ya juu ya filta hadi mafuta yatoke bila povu, kaza. Fanya hivyo kwenye injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa presha. Mwisho legeza nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli (ncha inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda), zungusha hendeli mpaka yarushwe, kaza. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopiga. Mafuta yale yana presha ya kupenya ngozi, na jeraha lake linahitaji daktari siku hiyohiyo hata likionekana dogo.

Rangi ya moshi inasema mengi. Mweusi: mzigo umezidi au hewa haitoshi. Wa bluu: oili inaungua, ringi au valvu. Mweupe wenye harufu ya dizeli asubuhi ni baridi. Mweupe unaoendelea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya silinda hedi.

Kuhusu baridi: Juni na Julai kuna asubuhi Mufindi na Makete majani yana barafu, na dizeli ya silinda moja haitaki kuamka. Kwenye zile zinazopozwa kwa tanki la maji juu, mimina maji ya moto kwenye tanki hilo usubiri dakika kumi. Tumia mkono wa kuondoa mgandamizo, zungusha hadi iwe nyepesi, achia. Kumwaga petroli kwenye eya klina ili iwake ni njia ya kuvunja pistoni. Na kwa injini hizohizo, usitishike maji ya tanki yakichemka, zimeundwa hivyo. Ila huku yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, hivyo yanaisha upesi na unatakiwa kuongeza mapema. Yenye rejeta inategemea mfuniko kushika presha. Ikichemka, badilisha mfuniko kwanza.

Pampu iliyoungwa kwa kaplingi, yaani kiungo cha shafti mbili, pima unyoofu kwa rula ya chuma pande nne kila unapoihamisha. Ya belti, bonyeza katikati kwa kidole gumba, iingie milimita 10 hadi 15, na weka kava: kanga na koti la mvua vimewahi kunaswa.

Mvua zikianza

Novemba mbegu zikishaingia ardhini pampu inasahauliwa hadi Mei. Petroli itakayobaki kwenye kabureta miezi hiyo sita itageuka gundi, na maji yenye tope yatakayobaki tumboni yatagandisha impela. Endesha pampu dakika tano kwa maji safi, fungua kizibo cha chini maji yote yatoke. Mwaga petroli ya tanki, washa hadi izime yenyewe, kisha fungua kibakuli cha kabureta. Badilisha oili sasa, usingoje Mei. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi, vuta kamba mara mbili, rudisha plagi. Ning'iniza mpira wa kunyonya bila kuukunja, mbali na panya. Mwisho vuta kamba polepole hadi uhisi uzito, uache hapo: valvu zote mbili zitakuwa zimefunga, na unyevu wa masika hautaingia kwenye silinda.